MR2 yangu ya tabo inakwaruza gia ya pili: nitafute giaboksi ya gari gani?

SWALI: Nina Toyota MR2 ya mwaka 1994, SW20 (jina la fremu la kizazi cha pili cha MR2), yenye injini ya 3S-GTE ya tabo na gia za mkono, iliyoletwa Dar es Salaam kutoka Japani. Tangu mwaka jana gia ya pili inakwaruza nikiiingiza haraka, na sasa hata nikishuka kutoka ya tatu inagoma. Fundi wangu anasema nisihangaike, niweke giaboksi ya Camry. Kaka yangu anayeishi Leicester, Uingereza, amepata giaboksi ya MR2 kwa bei nzuri na anaweza kuipakia kwenye kontena. Kuna pia jamaa wa mtaa wa Gerezani ana giaboksi ya Celica GT-Four, na anasema injini yake ni hiyohiyo 3S-GTE. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe ili usije ukalipia kitu kabla hujamaliza kusoma. Ya Celica iache. Ya Leicester isipakiwe mpaka kaka yako aikague kama nitakavyoeleza. Ya Camry mwambie fundi akuonyeshe kwa macho kwanza, maana nina shaka kubwa kwamba ni ya familia nyingine kabisa. Lakini gari lingekuwa langu, ningeishusha giaboksi iliyomo, nikaifungua na kuitengeneza. Ni giaboksi nzuri kuliko zote tatu ulizoahidiwa, na sababu utaziona.

Kwanza tuhakikishe kosa ni la giaboksi. Kwenye MR2 injini iko nyuma ya viti na wewe umekaa mbele yake. Kwa hiyo mkono wako hauigusi giaboksi moja kwa moja: kuna kebo mbili ndefu zinazotoka kwenye mti wa gia hadi nyuma, moja ya kuchagua na moja ya kusukuma. Klachi nayo inatumia bomba refu la mafuta linalosafiri chini ya gari kutoka kwenye pedeli hadi silinda ndogo iliyo kwenye giaboksi. Hewa kidogo tu ikibaki kwenye bomba lile, klachi haiachii sawasawa na gia zitakwaruza hata giaboksi ikiwa mpya.

Fanya hivi. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia laini, washa injini ikiwa ya moto, kanyaga pedeli hadi sakafuni, hesabu hadi tano, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza hapo, kamata kwanza klachi: toa hewa, kagua silinda ya kwenye pedeli na ile ndogo ya kwenye giaboksi kama zinavuja. Kisha fungua sehemu ya injini, mtu achezeshe mti wa gia ukiwa unaangalia ncha za kebo kule kwenye giaboksi. Bushi zikiwa zimekwisha, utaona mti unatembea na mkono wa giaboksi bado umesimama. Nimeshuhudia giaboksi nzima ikishushwa kwa ajili ya bushi mbili za plastiki, na mwenye gari akalipa kazi yote.

Dalili zako lakini zinanielekeza kwenye sinkronaiza, ile pete inayolinganisha kasi kabla gia haijashika. Inakwaruza gia moja tu, inazidi ukiharakisha, na sasa inagoma wakati wa kushuka. Klachi mbovu ingesumbua gia zote. Na si bahati mbaya kwamba ni ya pili. Kwenye giaboksi yako uwiano wa gia ya kwanza ni 3.230, yaani shafti ya kuingilia inazunguka mara 3.230 ili ile ya kutokea izunguke mara moja, na wa ya pili ni 1.913. Ukibadilisha injini ikiwa mizunguko 7,000 kwa dakika, sinkronaiza ya pili inapaswa kuipunguzia kasi shafti ya kuingilia pamoja na pleti ya klachi hadi karibu 4,150 kwa kufumba na kufumbua. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, ambayo ni 1.258, inateremka hadi 4,600 tu. Pete ya pili ndiyo inayobeba kazi nzito kuliko zote, ndiyo inayokwisha mapema.

Sasa tuje kwenye hizo giaboksi tatu. Neno la kukariri ni E153. Hilo ndilo jina la giaboksi ya SW20 ya tabo. SW20 zisizo na tabo zilifungwa S54, ambayo ni ya familia nyingine, ndogo na nyepesi. Tazama kibati cha chuma cha gari lako, kile chenye namba ya fremu na rangi. Kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, na kama giaboksi haijawahi kubadilishwa utasoma E153 pale. Pigia picha kibati hicho uwe nacho kwenye simu kila unapokwenda dukani.

Wazo la fundi wako si la kipuuzi. Toyota walipounda MR2 walichukua injini na giaboksi za gari la kuvuta kwa mbele, wakazikingamisha nyuma ya viti. Ni kweli pia kwamba Camry za V6 zenye gia za mkono, kama zile zilizouzwa Marekani, zilifungwa E153. Shida ni kwamba neno "Camry" peke yake halitoshi. Camry nyingi tunazoziona mitaani hapa ni otomatiki, na zile za mkono za miaka ya 1990 zenye injini ya silinda nne zina giaboksi za familia ya S. Injini yako, kama ni ya toleo lililoanza mwishoni mwa 1993, inatoa nguvu farasi 245 na msukumo wa Nm 304. Ile ya silinda nne ya Camry hizo, isiyo na tabo, haifiki Nm 200. Ukiifunga giaboksi ya familia ya S hapo, itaingia gia vizuri siku ya kwanza na utafurahi, kisha kila ukikanyaga tabo unaila beringi na meno. Mbali na hilo, draivu shafti za E na za S hazibadilishani, kwa hiyo ungelazimika kununua na hizo, pamoja na maunti.

Ya Leicester ina mtego uleule, na huu watu wengi hawaujui. Uingereza na Ulaya yote Toyota hawakuuza rasmi SW20 ya tabo. MR2 za pale zilizonunuliwa mpya kwa wakala ni zisizo na tabo, na giaboksi zake ni S54. E153 zipo Uingereza, tena si chache, kwa sababu Waingereza waliagiza magari mengi ya mtumba kutoka Japani wakifuata usukani wa kulia kama sisi. Kaka yako asiulize "ni ya MR2?" kwa sababu jibu litakuwa ndiyo kwa zote mbili. Aulize imetoka kwenye gari lenye injini gani, na lilikuwa la soko la Japani au la Uingereza. Akiambiwa "hatujui, tulinunua peke yake", aende kuigusa mwenyewe au aiache. Bei nzuri uliyotajiwa ndiyo inayonitia shaka zaidi: S54 huwa rahisi kuliko E153 kokote uendako.

Ikithibitika ni E153 ya tabo, bado uliza mwaka. Za matoleo ya kwanza, tangu 1989, zinafahamika kwa sinkronaiza dhaifu, na Toyota waliziboresha baadaye. Gari lako la 1994 tayari lina zilizoboreshwa. Kubadilisha ya 1994 kwa ya 1990 ni kurudi nyuma, hata kama ile ya 1990 imetembea kilomita chache.

Kuhusu GT-Four, jamaa wa Gerezani amesema kweli: injini ni 3S-GTE. Lakini Celica ile inavuta magurudumu manne. Giaboksi yake ina difu ya kati ndani na transifa pembeni ya kupeleka nguvu nyuma kwa propela shafti. Kwenye MR2 hakuna propela shafti, wala hakuna nafasi ya transifa. Mtu mwenye mashine na uvumilivu anaweza kuivunja na kuchukua baadhi ya vipande, lakini wewe hununui somo la ufundi, unataka gari litembee.

Tuseme sasa umepata E153 halisi ya Camry V6 kutoka Marekani. Itafaa? Inaweza kufaa, ila itabadilisha tabia ya gari. Uwiano wa difu, yaani upunguzaji wa mwisho wa kasi kabla ya magurudumu, ni 4.285 kwa MR2 ya tabo na 3.933 kwa Camry hizo. Kwa matairi ya nyuma ya 225/50 R15 yaliyokuja na gari, gia ya tano kwa mizunguko 3,000 inakupa karibu kilomita 109 kwa saa ukiwa na 4.285, na karibu 119 ukiwa na 3.933. Ukitembea mia kwenye barabara ya Morogoro injini itazunguka kama 2,500 badala ya 2,750, itatulia na kunywa kidogo. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba kila gia inakuwa ndefu kwa karibu asilimia 9. Gia ya pili inayoishia kama 98 itaishia 106, na gari litahisi zito kutoka kwenye foleni, hasa kabla tabo haijaamka. Kwa gari la mwendo mrefu ningeikubali. Kwa MR2 inayoendeshwa mjini na kupanda vilima Jumapili, naipenda 4.285 ya kiwandani. Tena mikono ya gia, mabano ya kebo na mahali pa kufungia draivu shafti vinabidi vihamishwe kutoka giaboksi yako ya zamani, kwa hiyo usiitupe wala kuiuza kabla kazi haijaisha.

Njia ya kujua difu bila kufungua giaboksi ni hii, na kaka yako anaweza kuifanya sakafuni. Aingize gia ya kwanza. Mtu mmoja azuie upande mmoja wa kutokea draivu shafti usizunguke. Achore alama ya chaki kwenye upande wa pili na kwenye shafti ya kuingilia, ile yenye meno inayoshika klachi. Azungushe shafti ya kuingilia polepole, akihesabu, mpaka upande ulio huru ukamilishe mizunguko miwili. Akihesabu karibu 14, ni 4.285. Akihesabu chini kidogo ya 13, ni 3.933. Mizunguko miwili inatakiwa kwa sababu upande mmoja ukizuiwa, ule mwingine unakwenda mara mbili ya difu.

Akiwa palepale chini, akague na hali yake. Rangi mpya ya fedha isimvutie. Giaboksi inayooshwa na kupakwa rangi kabla ya kuuzwa imefichiwa kitu au imepambwa tu, na huwezi kujua lipi. Achezeshe shafti ya kuingilia juu na chini: kuchezacheza kidogo kwenye ncha ni kawaida, lakini ikigonga na kutoa sauti ya chuma, beringi imekwisha. Aangalie masikio ya kufungia boliti kwenye kengele ya klachi (ganda linalofunika klachi), maana giaboksi zinazoangushwa kutoka kwenye magari yaliyokatwa huwa na nyufa hapo. Kisha afungue boliti ya chini ya kumwagia oili na kuipokea kwenye kitambaa cheupe. Hapa ndipo giaboksi inapozungumza. Tope jeusi laini kama wanja kwenye sumaku ya boliti ni la kawaida kwa umri wake. Chembe za dhahabu zinazometameta kwenye oili ni pete za sinkronaiza zinazolika. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno, na hiyo asiiguse tena. Oili ikiwa ya rangi ya maziwa, maji yameingia, na beringi zimeanza kutu hata kama gia zinaingia vizuri mkononi.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea giaboksi iliyotumwa kwa meli, imefungwa vizuri kwenye plastiki, nikaifunga kwenye gari la mteja bila kumwaga oili kwanza kwa sababu alikuwa na haraka. Wiki ya pili ililia kama mbwa. Tulipoifungua, beringi za shafti ya chini zilikuwa na vidoti vyekundu vya kutu duara zima. Mteja alilipa mara mbili usafirishaji, mara mbili kazi. Tangu siku hiyo haingii giaboksi kwangu kabla ya kitambaa cheupe.

Kuna jambo la difu ya kujibana pia, ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake. Baadhi ya E153 za Japani zilikuja nayo, ya aina ya kimiminika kizito ndani, na wauzaji huitumia kupandisha bei. Ipime: weka gia, zuia shafti ya kuingilia, kisha zungusha upande mmoja wa draivu shafti. Difu ya kawaida inazunguka kirahisi na upande wa pili unarudi nyuma. Ya kujibana inazunguka kwa uzito, kama unakoroga asali. Ikizunguka kirahisi huku muuzaji anaapa ni ya kujibana, ama si yenyewe, ama imechoka na haina faida tena. Kwako wewe nisingeilipia sana. MR2 uzito wake mwingi uko nyuma, magurudumu ya kuvuta tayari yamekandamizwa barabarani, na gari hili lina sifa ya kugeuka ghafla mkia mbele ukiachia mafuta katikati ya kona. Ukiibadilisha difu, endesha taratibu wiki nzima ulizoee gari upya, na usiifanye wakati wa mvua za masika.

Nirudi kwenye giaboksi yako yenyewe. Ikiwa haina kelele, haitoi gia yenyewe, na oili yake haina vipande, basi meno na shafti zake ni wazima. Unachohitaji ni pete ya sinkronaiza ya pili, na kwa kuwa umeshafungua, ya kwanza na ya tatu. Kagua na mkono wa ndani unaoteleza juu ya gia, ule wenye meno madogo yaliyochongoka: yakiwa yameviringika kama meno ya mtu mzee, pete mpya peke yake haitakaa. Badilisha beringi na sili zote. Agiza vipuri kwa namba ya fremu, inayoanza na SW20, si kwa jina la gari. Ni fedha, sikufichi, lakini utakuwa na E153 yenye difu sahihi, mabano sahihi na historia unayoijua. Giaboksi ya mtumba, hata nzuri, ina umri wa miaka 30 kama yako, na sinkronaiza yake ya pili imefanya kazi ileile.

Kama ganda limepasuka au meno yamevunjika, hapo tafuta E153 ya SW20 ya tabo ya 1993 na kuendelea, kutoka Japani moja kwa moja, ikiwezekana bado imeshikana na injini kwenye nusu ya nyuma ya gari iliyokatwa. Ikija hivyo unaiona imetoka wapi, na unapata draivu shafti, kebo na maunti zake papo hapo. Wauzaji wa spea wa Sharjah nao hupitisha mzigo wa aina hii, ila utaratibu wa chaki na kitambaa ni uleule.

Siku ya kuifunga, usikubali irudi na klachi ya zamani. Kuishusha giaboksi ya gari hili ni kazi ya siku nzima au mbili, iko upande wa kushoto, imebanwa, na ni nzito kwa mtu mmoja. Lazima jeki ya giaboksi na watu wawili. Weka pleti ya klachi, presha pleti na rilizi beringi mpya, toa flaiwili uso wake ukachongwe, badilisha sili ya nyuma ya kreki.

Oili weka 75W-90 ya daraja la GL-4. Mafundi wengi humimina GL-5 kwa kuamini namba kubwa ni bora. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu za nyuma ambazo meno yake yanateleza kwa kusuguana sana. Difu ya injini iliyokingamishwa kama yako ina meno ya mshazari ya kawaida, haihitaji hivyo, na ule utelezi wa ziada unaizuia pete ya sinkronaiza kushika. E153 inakunywa karibu lita 4.2. Usiishie kwenye hesabu: gari likiwa limekaa sawa, jaza kupitia tundu la pembeni mpaka ukiingiza kidole unagusa oili ukingoni mwa tundu. Kilomita 1,000 za kwanza badilisha gia bila haraka, usivuke mizunguko 4,000, kisha mwaga oili hiyo kwenye kitambaa cheupe uiangalie tena.